Jibu kwa Mama Osmunda

Uliniuliza kwa simu, dada yangu wa Mbinga,
kama huku Malimbe mtoto analala salama.
Salio lako likakatika kabla sijajibu,
basi nakuandikia nyuma ya kalenda iliyokwisha siku,
kwa kalamu aliyoisahau mpangaji wa mwaka jana.

Kwanza hayo makelele.
Usiku wake wa kwanza alinigongea saa nane,
kanga imelowa machozi:
"Mama Nyanjige, kuna mtu ananyongwa kwenye mawe!"
Nikamwambia, mwanangu, huyo ni pimbi,
mwili wa sungura, koo la tarumbeta.
Huku mawe yalitutangulia.
Nyumba zetu ndizo zilizobisha hodi katikati yao,
na lile lililo nyuma ya choo changu
nililipaka chokaa hadi nikachoka,
nikaliacha na rangi yake.

Sitakudanganya. Wezi wapo.
Machi iliyopita fimbo ndefu yenye ndoano
ilipita kwenye nondo za chumba namba nne
ikavua kompyuta kama mtu anavua sato.
Kijana alilia. Nusu ya utafiti wake ilikuwa mle.
Tangu hapo tumechanga, sisi wenye nyumba,
taa tano, toka maktaba hadi kwa Ngolo fundi cherehani,
na wasichana wanarudi saa nne kwa kundi
wakibishana mambo ya sheria kwa sauti
ambayo mwizi akiisikia ataomba wakili.
Taa moja imeungua. Nimeshasema kwenye kikao.
Nitasema tena.

Ziwani simruhusu kuogelea. Kuna kichocho,
na mambo mengine yenye meno.

Uliuliza pia fedha.
Hapa mwaka tunauhesabu kwa bumu.
Likiingia, Holo wa chipsi anakaanga kuku mpaka usiku wa manane,
foleni ya kusuka nywele inatokeza barabarani,
na hata mimi nalipwa bila kukumbusha.
Likichelewa, ah,
daftari la madeni linanenepa, wenye majina wanakonda,
dagaa wanapanda cheo.
Na Agosti, vyumba vikiwa na kufuli,
Holo huketi na trei zake za mayai
akiitazama njia kama mtu aliyeachwa na basi.
Mji huu, dada, unakula kwa mikono ya watoto wa watu.
Ndiyo maana tunawalinda.
Usidhani ni utakatifu mtupu.

Jumamosi moja alikwenda Bujora na wenzake,
akarudi ana vumbi hadi kwenye kope.
Ameona watu wazima wakicheza na majembe,
wanayarusha, wanayadaka,
na ngoma inawasukuma kama wanaolima shamba la hewa.
Alinionyesha kwa ufagio wangu. Ufagio ulivunjika.
Siku hizi asubuhi ananiamkia "Mwangaluka,"
na mimi namjibu kwa Kimatengo alichonifundisha,
nakikosea, anacheka mpaka anashika fremu ya mlango.

Mimi niliishia la saba.
Lakini karanga zangu nazifunga kwa karatasi zao,
na kabla ya kufunga, nasoma.
Juzi nilipata ukurasa juu ya sangara,
jinsi alivyoingia ziwani mgeni
akaanza kuwameza wenyeji,
na pale mwandishi aliposema "hata hivyo,"
ukurasa ukaisha.
Uliofuata alikuwa ameshaondoka nao mteja wa shilingi mia mbili.
Nimemuuliza Osmunda baada ya "hata hivyo" huwa kuna nini.
Amesema inategemea nani anasahihisha.

Karatasi inakwisha, nimefika Desemba.
Jana usiku pimbi walilia tena, karibu kabisa.
Nilitoka na tochi, nikasimama mlangoni kwake.
Kitanda kikalia mara moja:
amegeukia ukutani,
ameendelea kulala.